Kupima Mara Mbili Saa Ileile si Kupima Mara Mbili

Kila mwaka, wiki mbili kabla watu hawajatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo, swali linalozunguka mabwenini ni lilelile: "Nikisimamisha mashine juu ya bikoni, niiache dakika ngapi?" Waliotutangulia hujibu kwa uhakika. Mmoja anasema kumi na tano, mwingine ishirini. Yule aliyewahi kufanya kazi na kampuni anasema RTK sekunde tano zinatosha, acheni mambo ya kizamani. Kila mtu ana jibu lake. Swali la pili haliulizwi na mtu, nami naona ndilo kubwa zaidi: hizo dakika unazianza saa ngapi, na ukirudi kuhakiki unarudi saa ngapi?

Swali hili nililichukulia kwa uzito Kapalamsenga, wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, upande wa nchi inayoelekea Ziwa Tanganyika. Wengi waliosikia jina hilo wamelisikia kwa sababu ya shaba. Penye shaba pana leseni, na leseni ina kona. Kona hizo zinakutana na ardhi ya kijiji, ambako watu wana mashamba yao na wanataka hatimiliki za kimila. Darasani sentimita 20 ni alama mbili zilizokatwa kwenye ripoti. Kule, sentimita 20 zinaweza kuamua mwembe wa mtu uko kwake au kwa jirani, na jirani huyo huenda ndiye anayechimba.

Tuanze na kile mashine inachofanya, maana bila hicho habari ya saa haieleweki. Risiva ya kupimia mipaka haitegemei tu ule ujumbe wa setilaiti unaosomwa na simu yako. Inapima wimbi lenyewe. Wimbi la L1 la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, na risiva inaweza kusoma sehemu ndogo sana ya wimbi hilo, milimita chache. Isichokijua ni idadi ya mawimbi kamili yaliyo kati yake na setilaiti iliyo juu zaidi ya kilomita 20,000. Kazi kubwa ya uchakataji ni kuitafuta hiyo namba kamili. Ikipatikana sahihi, una milimita. Ikikosewa kwa wimbi moja katika setilaiti moja au mbili, jibu linahama kwa sentimita kadhaa hata makumi, na programu inaweza kukuandikia kwamba limekubalika. Hiyo ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu kosa la aina hii haliji na taa nyekundu.

Dakika zinahitajika ili setilaiti zisogee angani. Ukikaa sekunde tano, picha ya anga haijabadilika, na programu ina ushahidi mmoja tu. Ukikaa dakika ishirini, kila setilaiti imetembea, na namba zisizo sahihi zinaanza kujichuja. Vitabu vinatoa kanuni ya kukadiria: kwa risiva ya masafa mawili, upimaji wa kutulia unahitaji dakika 20 jumlisha dakika 2 kwa kila kilomita ya umbali kutoka besi, na upimaji wa kutulia wa haraka dakika 10 jumlisha 1 kwa kila kilomita. Kwa hiyo ukiwa kilomita 6 kutoka besi, haraka ni dakika 16. Ukitaka kufunga kwenye kituo kilichopo Mpanda mjini, kilomita 50 na zaidi kutoka Kapalamsenga, unaongelea saa mbili kwenda mbele. Kanuni hii ni ya anga safi. Mti na bati haijui.

Sasa twende kwenye saa yenyewe. Setilaiti ya GPS inazunguka dunia mara mbili katika saa 23 na dakika 56. Maana yake, leo ukisimama mahali saa tatu asubuhi, kesho saa tatu kasoro dakika nne utaona setilaiti zilezile za GPS, mahali palepale angani, karibu kama picha iliyorudiwa. Kwa dereva wa gari hilo halina maana. Kwa mpimaji ni mtego.

Mpimaji tuliyekuwa chini yake, ambaye wote tulimwita Mzee, alituonesha mtego huo kwa makusudi. Kulikuwa na bikoni iliyokaa vibaya, mita chache kutoka ukuta wa nyumba yenye bati jipya, na upande wa pili mti wa mninga. Alitutuma tukapime saa tatu asubuhi, dakika ishirini, besi ikiwa umbali usiofika kilomita mbili. Kesho yake, saa tatu tena. Majibu mawili yalitofautiana kwa milimita chache. Kwenye ripoti yoyote ya chuo hapo ungeandika "imehakikiwa" na kwenda kula. Mzee akasema, "Haya, sasa rudini saa sita." Jibu la saa sita lilikuwa pembeni kwa zaidi ya sentimita tatu.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa ametuona tukija mara ya tatu na miguu yetu ya mashine, akauliza, "Wanangu, kwani jiwe limehama?"

"Hapana mama, jiwe lipo palepale."

"Sasa mnapima nini kila siku?"

Swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Tulichopima mara mbili za kwanza kilikuwa jiwe pamoja na mwangwi wake. Wimbi la setilaiti likigonga bati au ukuta linarudi kwenye antena kwa njia ndefu zaidi na kuchanganyika na lile lililokuja moja kwa moja. Kiasi cha kuchanganyika kinategemea setilaiti ilipo ukilinganisha na bati. Setilaiti zikirudi palepale, mwangwi unarudi uleule, na kosa linarudi lilelile. Vipimo viwili vinakubaliana kwa sababu vimekosea kwa namna moja. Kwenye wimbi, mwangwi mmoja unaweza kukupeleka hadi robo ya urefu wake, yaani karibu sentimita 5 kwa L1, kabla hata hujakosea namba ya mawimbi.

Mtu atasema siku hizi mashine zinashika GLONASS, Galileo na BeiDou pia. Ni kweli, na inasaidia. Picha ya anga ya GLONASS inajirudia kila baada ya siku 8, ya Galileo siku 10, na ya setilaiti za BeiDou za obiti ya kati siku 7, kwa hiyo mchanganyiko wa kesho haufanani kabisa na wa leo. Lakini GPS bado ni sehemu kubwa ya jibu lako, na mashine nyingi tunazokabidhiwa fildi ni za zamani. Kanuni yangu sasa ni hii: kipimo cha pili kiachane na cha kwanza kwa saa tatu au zaidi, na mashine iondolewe kabisa kwenye stendi, isimamishwe upya, na kimo cha antena kipimwe upya. Usipoitoa, hata kosa la kimo litajirudia vizuri sana.

Na bikoni ile? Hatukuitafutia dakika zaidi. Mahali pabaya hapaponi kwa kukaa sana, ingawa saa nyingi hupunguza maumivu. Tulipiga vigingi viwili mahali pa wazi, vinavyoonana na bikoni, tukavipima kwa setilaiti asubuhi na tena alasiri, kisha tukaileta namba kwenye jiwe kwa totali stesheni. Hapa wengi huona aibu, kana kwamba kutumia totali stesheni ni kurudi nyuma. Mimi naona aibu ni kutetea namba ya chini ya mninga.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua saa, na hii ina uhusiano wa pekee na Katavi. Juu yetu, kuanzia kama kilomita 60 hadi 1,000, kuna tabaka la ionosfea, ambamo jua limezitenga elektroni na atomu zake. Elektroni hizo zinachelewesha ujumbe wa setilaiti. Zinapimwa kwa kipimo kiitwacho TEC, na kila kipimo kimoja kinaongeza sentimita 16 kwenye umbali wa L1. Zikifika 60, jambo la kawaida mchana jua linapokuwa na nguvu, ni karibu mita 10. Besi na rova zikiwa karibu, zote mbili zinacheleweshwa karibu sawa na tofauti inafutika. Zikiwa mbali, haifutiki yote.

Wengi tunadhani tukiwa karibu na ikweta basi hali ni moja. Si hivyo. Ikweta inayohusika hapa ni ya sumaku, na Afrika Mashariki inapita juu, huko Ethiopia. Elektroni zinazoinuliwa juu ya mstari huo mchana hazikai pale. Zinamwagika pande zote mbili na kurundikana kama nyuzi 15 kaskazini na kusini. Shuka kutoka Ethiopia nyuzi 15 na kidogo, uone unafika wapi. Unafika Katavi. Yaani tunapima karibu na kilele chenyewe cha mrundikano. Na Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza kwamba Jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11, kwa hiyo kizazi chetu cha fildi kimeangukia miaka migumu.

Mrundikano huo unakua kuanzia asubuhi na kufika juu kama saa nane mchana. Lakini ni saa nane ya jua, siyo ya simu. Saa ya Tanzania imepangwa kwa meridiani ya nyuzi 45 mashariki, nasi Kapalamsenga tuko nyuzi 30 na kitu. Jua letu limechelewa karibu saa nzima kulinganisha na saa ya mkononi, ndiyo maana Katavi linazama karibu saa moja wakati Dar watu wameshawasha taa. Kwa hiyo kilele kinakuja kama saa tisa alasiri. Kisha jua likizama, ionosfea inaanza kupasuka vipandevipande, mapovu mepesi yakipanda katikati ya tabaka zito, na ishara inatetemeka kiasi cha risiva kupoteza hesabu ya mawimbi. Hali hii ni kali zaidi miezi ya Machi na Septemba, kuanzia saa mbili na nusu hivi usiku hadi karibu saa sita.

Nikisoma hilo nakumbuka historia ya eneo lenyewe. Meridiani ya nyuzi 30 mashariki inapita karibu sana na hapo, kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu David Gill alipolisukuma wazo hilo huko Afrika Kusini, wapimaji walijenga mnyororo wa pembetatu kufuata mstari huo kuelekea Misri. Pengo la Tanganyika lilizibwa na Martin Hotine na kikosi chake kati ya 1931 na 1933. Kutoka kazi hiyo ndefu ndipo likaja jina Arc 1960, mfumo ambao ramani zetu za zamani zimeandikiwa. Wapimaji wa pembetatu za daraja la juu walipenda usiku, kwa taa zilizowashwa juu ya vilima, kwa sababu mchana hewa ya moto karibu na ardhi inacheza na kupindisha mstari wa macho. Usiku ndio uliokuwa wakati safi. Kwa setilaiti, sehemu ya kwanza ya usiku huohuo, kwenye nchi hiyohiyo, ndiyo mbaya kuliko zote. Ardhi ni moja, ila chombo kikibadilika, saa nzuri nayo inahama.

Kwa hiyo kule, vipimo virefu vya kufunga kwenye mtandao wa taifa ni bora vianze alfajiri, saa kumi na mbili au moja, hadi saa tano. Kipimo cha pili cha mipaka mifupi kinaweza kuwa alasiri, maana besi ikiwa karibu ionosfea haikutishi sana. Usiku acha mashine ichaji.

Neno moja kuhusu kuandika saa, kwa sababu limevuruga kazi za wengi. Mashine inaandika kwa saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Nasi tunahesabu kwa Kiswahili. Saa moja asubuhi kwetu ni 07:00 kwenye simu na 04:00 kwenye faili. Mchana kutwa, ongeza tatu kwenye saa ya Kiswahili unapata UTC. Siku ya faili inageuka saa tisa usiku, wewe ukiwa usingizini, hivyo besi iliyokesha inatoa faili mbili za tarehe mbili. Kwenye daftari andika zote, ya Kiswahili na ya UTC, uzipigie mstari.

Tukija kwenye uchakataji. Kapalamsenga si mahali pa kuota RTK kupitia intaneti. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka, na redio ya besi inazibwa na kilima cha kwanza. Mnaweka besi yenu, mnampata kijana wa kijijini wa kuilinda dhidi ya mbuzi na watoto (mlipeni vizuri, kazi yake ni kubwa kuliko mnavyofikiri), na rova inapima ikihifadhi data. Jioni mnachakata pamoja. Hiyo ndiyo PPK, na faida yake ni kwamba programu inaweza kusoma data kwenda mbele na kurudi nyuma, jambo ambalo RTK haiwezi kwa kuwa inaamua papo hapo.

Kwenye umbali mfupi, chini ya kilomita kama 10, usikimbilie ule mchanganyiko wa masafa mawili unaoondoa ionosfea. Unaondoa ionosfea kweli, ila unaongeza kelele ya kipimo karibu mara tatu. Hapo L1 iliyopata namba kamili ni bora. Kwenye umbali mrefu geuza: ionosfea ndiyo adui, kubali kelele.

Namba ya besi yenyewe itoke wapi? Kama hakuna kituo cha taifa karibu, unapeleka faili kwenye huduma za bure kama AUSPOS ya Australia, inayotaka angalau saa moja ya data ya masafa mawili na kushauri mbili au zaidi. Inakufunga kwenye vituo vya kimataifa, na vya kwetu si vya karibu: Mbarara, Uganda, iko kama kilomita 650 kaskazini, karibu kwenye meridiani ileile. Mimi ningekaa saa sita. Eckl na wenzake, kwa vituo vya Marekani, walionesha 2001 kwamba kwa vipindi vya kuanzia saa 4 kosa linashuka kwa kipeuo cha pili cha muda: saa 4 zinatoa karibu milimita 5 kila upande wa mlalo na 18 za kimo. Ukitaka kulipunguza nusu, kaa mara nne zaidi. Hapo ndipo unaona kwa nini kuongeza nusu saa kwenye saa sita hakukupi kitu.

Kuhusu njia za setilaiti, usisubiri bila sababu. Njia zinazotangazwa na setilaiti zenyewe zinakosea kwa takriban mita moja, na kosa hilo kwenye mstari wa kilomita 2 halionekani. Kwenye kilomita 100 ni kama nusu sentimita. Zile sahihi za mwisho za IGS zinatoka baada ya siku 12 hadi 18, lakini za haraka zinapatikana kesho yake na kwa mipaka zinatosha kabisa.

Na mtego wa mwisho, ambao kwa Kapalamsenga ni mzito kuliko mwangwi wa bati. Jibu la huduma hizo linakuja kwenye ITRF ya siku uliyopima. Bara letu linasogea kuelekea kaskazini mashariki kwa karibu sentimita 2.5 kwa mwaka. Mfumo wa taifa, TAREF11, una 2011 kwenye jina lake. Miaka kumi ni sentimita 25, yaani zaidi ya kile tulichokuwa tunahangaika nacho chini ya mninga. Ukichanganya besi iliyotoka AUSPOS leo na bikoni ya mtandao wa taifa bila kurudisha muda, mipaka yote inahama pamoja, kimyakimya. Karatasi ya zamani ya Arc 1960 ukiisoma kama WGS84 unakosea zaidi ya mita 200, lakini hilo angalau mtu ataliona kwa macho. Hizo 25 hakuna atakayeziona mpaka jirani apime na mpimaji mwingine.

Ongeza na gridi: tuko ukingoni mwa ukanda wa UTM wa 36, mbali na meridiani yake ya kati ya nyuzi 33. Huko gridi inarefusha kila kilomita kwa karibu nusu mita, na kimo cha nchi kinapunguza sehemu tu. Mwenye shamba akivuta futi kamba na kupata tofauti na ramani, hajakosea, wala wewe hujakosea. Mweleze hivyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kwenye ramani andika mfumo, tarehe ya marejeo na kipimo cha gridi ulichotumia, kwa wino, pale pale chini ya jedwali la kona.